Gari la zamani uani: vumbi lake huanza kwa mtoto

Ukizunguka mitaa ya Sumbawanga, iwe Chanji, Majengo au Katandala, hukosi kuliona nyuma ya nyumba fulani: Land Rover ya zamani iliyokalia matofali, matairi yalishaondoka, nyasi zimepenya sakafuni na kuku ametaga chini ya kiti cha dereva. Pengine ni gari la marehemu babu, pengine lilinunuliwa mnadani. Mwenye nyumba huwa ana mpango nalo. Atakwangua kutu, atabadilisha chesisi iliyooza, atalipaka rangi anayoitaka yeye, ataweka matairi mapana na muziki, na siku moja atateremka nalo hadi Kasanga watu wageuke kutazama.

Sina ugomvi na mpango huo. Kazi ya mikono hutuliza akili, na kijana anayemshikia baba yake spana jioni anajifunza mambo ambayo hayamo darasani. Ninachotaka tuzungumze, ndugu msomaji, ni yule mtoto wa miaka miwili anayecheza hatua tano kutoka pale mnapopiga msasa. Gari hilo linaweza kumdhuru kabla halijamdhuru fundi mwenyewe, na linaweza kumdhuru bila yeye kukohoa wala kulia.

Sumu iliyo kwenye rangi

Land Rover ya kwanza ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1948, na kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo utakuta bodi ya gari la miaka ya 1960 ingali nzima huku chesisi imeliwa na kutu kama biskuti iliyoloa chai. Chesisi ni chuma, na chuma cha zamani kilikuwa kikipakwa rangi ya kuzuia kutu. Rangi hizo za zamani, hasa ile nyekundu ya chini, na nyingi za njano na za machungwa zilizopakwa juu yake, zilichanganywa na madini ya risasi. Si risasi ya bunduki ninayoisema, ingawa zote hutokana na madini hayohayo.

Ongeza na hili. Magari hayo yalitembea miaka mingi kwa petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Kwa hiyo masizi mazito yaliyoganda ndani ya ekzosi ya gari la babu yako yanaweza kuwa na risasi. Na betri iliyokufa, ile iliyotupwa kando ya banda, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi tupu pamoja na misombo yake.

Madini haya yakikaa ndani ya rangi iliyoshikana vizuri, hayana shida kubwa. Shida huanza siku unapowasha grenda. Vumbi jembamba huruka, hutua kwenye udongo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria zilizoinamishwa kichanjani, na kwenye mikono ya mtoto ambaye kila anachookota hukipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Shirika hilo linasema pia kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Ikishaingia, hukimbilia mifupa na meno na kukaa huko miaka mingi. Kwa mtoto huvuruga ubongo unaokua. Mtoto anaweza kupungukiwa uwezo wa kujifunza, kuwa mkali bila sababu, kushindwa kutulia darasani. Anaweza kupauka kwa upungufu wa damu, kuumwa tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kupoteza hamu ya kula. Kiwango kikiwa kikubwa sana huja degedege na kupoteza fahamu. Lakini watoto wengi walioathirika hawaonyeshi dalili yoyote ambayo mzazi angeitambua, na madhara ya ubongo yakishatokea hayarudi nyuma. Mzazi huambiwa mwanawe ni mtundu au mzito wa kuelewa, basi.

Kwa mama mjamzito hali ni ya kuangaliwa zaidi. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hata ile iliyojificha kwenye mifupa ya mama tangu zamani hutoka wakati wa ujauzito, kwa sababu mwili huchota madini ya chokaa kutoka mifupani. Mama mjamzito asikae karibu na gari linalokwanguliwa, na asifue kwa mkono ovaroli la fundi.

Kama unadhani nazidisha, tazama jirani zetu. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kilitia risasi kwenye hewa, maji na udongo wa wakazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupigania jambo hilo baada ya mtoto wake mchanga kuugua na kipimo kuonyesha risasi mwilini. Alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Senegal ilikuwa mbaya zaidi: katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Udongo wa mtaa huo ulikuwa umejaa mabaki ya betri, na watu walikuwa wakiuchekecha nyumbani kutafuta vipande vya risasi vya kuuza.

Gari moja uani si kiwanda. Lakini mtoto wa miaka miwili naye si mtu mzima, na uani kwenu ndiko anakoshinda kutwa.

Fanya kazi kwa maji

Jambo la kwanza ni umbali. Wafipa waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi katika tanuri ndefu za udongo, malungu, na kazi hiyo ilifanyika mbali na makazi, ikizungukwa na miiko. Miiko ile haikuwekwa kwa ajili ya sumu ninayoizungumzia, lakini kama una shamba au kiwanja kisichokaliwa, lisogeze gari huko. Kama huna, lisogeze pembe ya mbali ya uwanja, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda kwenye gari na si kinyume chake. Upepo wa Ufipa ni mkali miezi ya kiangazi. Siku unapovuma sana, fanya kazi nyingine, safisha boliti.

Tandika turubai chini ya gari kabla ya kugusa rangi. Tumia msasa wa maji badala ya msasa mkavu, kwa sababu vumbi lililoloa haliruki. Grenda na brashi ya waya kwenye rangi ya zamani ndivyo vinavyorusha vumbi baya kuliko vyote. Kuichoma rangi kwa moto ili ibanduke ni vibaya vilevile, maana hapo unapumua moshi wa risasi. Ukimaliza, kunja turubai taratibu, mabaki yatie kwenye mfuko imara, na maji machafu usiyamwage bustanini kwenye mchicha. Usifagie kwa fagio kavu. Nyunyiza maji kwanza.

Ovaroli na viatu vya kazi vibaki nje. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara na kabla ya kumbeba mtoto. Hilo la mwisho ndilo gumu, najua, kwa sababu mtoto humkimbilia baba anapomwona anakuja.

Halafu kuna kuku. Kuku wa kienyeji huchakura udongo kutwa nzima, na akichakura palipomwagika vumbi la risasi hulimeza, na sehemu yake huishia kwenye yai. Mayai hayo tunawapa watoto tukiamini tunawajenga. Wazungushie wavu wasifike kwenye gari.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na ya chokaa hufyonza risasi zaidi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maharage, mboga za majani, maziwa: vyote vinapatikana soko la Sumbawanga, na mtoto aliyekula vizuri kabla ya kwenda kucheza yuko salama zaidi kuliko mwenye tumbo tupu. Hiki ni kinga ya nyongeza tu. Dagaa hawafuti vumbi.

Homa ya usiku isiyokuwa malaria

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu huwachanganya wengi. Chesisi iliyooza hutiwa viraka, na viraka mara nyingi hukatwa kwenye mabati. Bati limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki huungua na kutoa moshi mweupe. Anayeuvuta hajisikii kitu wakati huo. Saa chache baadaye, mara nyingi jioni au usiku, huanza kutetemeka kwa baridi, homa hupanda, viungo huuma, kichwa huuma, kiu hukaza, na mdomoni kuna ladha ya chuma. Kwa siku moja au mbili huisha yenyewe.

Kwetu, mtu akitetemeka usiku anameza dawa ya malaria. Usifanye hivyo. Nenda ukapimwe, kwa sababu malaria ipo na inaua, hasa kama umetoka bondeni Ziwa Rukwa siku za karibuni. Lakini mweleze mhudumu kwamba mchana ulikuwa ukichomelea mabati. Kipimo kikionyesha huna malaria, maelezo hayo yatamsaidia kuliko karatasi ya maabara. Kama kuna kifua kubana au pumzi kukata, usisubiri iishe yenyewe, hilo ni jambo jingine na la hatari. Kinga ni kusaga zinki yote itoke sehemu ya kuchomelea, ukiwa umejifunika pua na mdomo vizuri, na kuchomelea mahali pa wazi huku umesimama upande unaotoka upepo.

Mwanga wa kuchomelea nao huumiza macho, na maumivu yake huja baadaye, usiku, kama umetiwa mchanga. Watoto hupenda kutazama zile cheche. Waondoe kabisa, kuwaambia tu wasitazame hakutoshi. Wapo wanaoweka vipande vya viazi mbichi au maziwa kwenye jicho lililoungua namna hiyo. Viazi ni vya kula. Osha jicho kwa maji safi, kaa gizani, na asubuhi nenda ukaangaliwe. Kama ni kipande cha chuma kutoka kwenye grenda, usikitoe kwa njiti wala ncha ya leso. Chuma kwenye jicho huanza kuweka kutu ndani ya muda mfupi, na kinapaswa kutolewa hospitali. Miwani ya kazi bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na jicho.

Vumbi la breki na rangi ya mwisho

Kwenye magari ya zamani, breki, pleti ya klachi na baadhi ya gasketi zilitengenezwa kwa asbesto. Fundi anapofungua dramu ya breki na kupuliza vumbi kwa mdomo au kwa kompresa, anapuliza nyuzi ambazo zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Saratani inayosababishwa na nyuzi hizo huweza kuja baada ya miaka 20, 30, hata zaidi. Loanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kikafukiwe. Usipulize.

Rangi ya kumalizia ndiyo ninayoishikia msimamo. Rangi ya kisasa inayochanganywa na hadina hung'aa na kudumu, lakini hadina nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipuliziwa hewani huweza kumletea mtu pumu ambayo hakuwa nayo, na akishaipata, kiasi kidogo tu baadaye huweza kumbana kifua hadi kumtoa roho. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali tulizozoea wakati wa UVIKO-19 hazizuii kemikali hiyo. Kwa hiyo kwangwa mwenyewe, nyoosha mwenyewe, shona viti mwenyewe, lakini kazi ya kupuliza rangi ipeleke kwa fundi mwenye chumba chake na kifaa cha kupumulia. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, sioni sababu yoyote ya kupulizia rangi hiyo uani.

Chupa za soda

Petroli, tina, mafuta ya breki, maji ya betri. Gereji za nyumbani huvihifadhi kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa, kwa kuwa ndizo zilizopo. Mtoto anaijua chupa ya soda. Maji ya kupozea injini yenye dawa ya rangi ya kijani au nyekundu yana ladha tamu, na kiasi kidogo huweza kuharibu figo za mtoto.

Mtoto akinywa petroli, mafuta ya taa au tina, usimtapishe. Maziwa tunayokimbilia kumpa kila aliyekunywa sumu hayamsaidii, huweza kumfanya atapike, na akitapika mafuta huingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Maji ya betri nayo yakirudi juu huunguza koo mara ya pili. Mfute mdomo, mvue nguo zilizoloa, chukua chupa yenyewe na umkimbize hospitali, hata kama anaonekana mzima. Onyo hilo linamhusu na baba anayenyonya petroli kwa mpira: tone moja likipita njia ya hewa linatosha kukulaza na homa ya mapafu. Kuna pampu ndogo ya mkono madukani, itumie. Maji ya betri yakiruka machoni, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 20 kabla ya kuanza safari.

Na tangi la petroli lililo tupu usiliguse kwa moto wa kuchomelea. Mvuke uliobaki hulipuka.

Kutu na pepopunda

Wengi huamini kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu yenyewe haina pepopunda. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na gari lililolala miaka kumi kwenye uwanja wanapopita ng'ombe limeshika vyote viwili. Chuma chenye ncha huvipeleka ndani, kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, na dalili huja baada ya siku 3 hadi 21: taya kukaza, kushindwa kumeza, mwili kujipinda.

Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kina mama huchanjwa kliniki wakati wa ujauzito. Baba ndiye aliyesahaulika, na yeye ndiye aliye chini ya gari. Kama umekatwa na chuma kichafu na imepita miaka mitano tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki kabisa, nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Kidonda kioshe kwa maji mengi na sabuni. Usipake oili chafu, unga wa betri wala kinyesi cha ng'ombe.

Nikiwa bado chini ya gari: jeki peke yake haitoshi. Weka stendi au magogo imara pande zote mbili kabla ya kuingiza kichwa, na matairi yazuiwe kwa mawe.

Baridi ya Juni

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kila mtu anafunga mlango. Fundi naye hufunga banda, kisha anawasha injini iliyolala miaka ili asikie inavyonguruma. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na oksijeni ya kupumua kwenye mwinuko wetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja bila homa, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Injini iwashwe nje, mbali na dirisha, hata kama ni baridi.

Ukienda hospitali

Taja gari. Iwe zahanati ya kijijini au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mhudumu hawezi kujua kuna rangi ya miaka ya 1960 uani kwako usipomwambia. Kipimo cha risasi kwenye damu si cha kawaida kwenye vituo vyetu, na daktari hukiombea rufaa anapopata sababu. Sababu hiyo ni maelezo yako: mtoto ana umri gani, kazi imeendelea kwa muda gani, anacheza wapi, anakula udongo au la. Mtoto aliyepauka na anayekula udongo apimwe wingi wa damu bila kuchelewa.

Gari likishatoka uani likiwa jipya, udongo ulio chini yake unabaki. Chimba tabaka la juu, sentimita kadhaa, palipokuwa pa kukwangulia, uutie mifukoni, na usiupeleke shambani. Mwaga udongo safi juu yake na upande nyasi. Betri ya zamani iuze nzima kwa wanaonunua, usiivunje wala usimwache kijana aivunje kutafuta risasi ya kutengenezea uzito wa nyavu. Mpaka nyasi zishike, mtoto achezee upande wa pili wa nyumba.